Oksijeni kwa sikio lililoumizwa na kelele

Mtu anatoka kwenye ukumbi wa muziki au uwanja wa shabaha, masikio yanavuma na sauti za wenzake anazisikia kwa mbali. Ataambiwa akalale, kesho atakuwa mzima. Wengi huamka wazima kweli. Asiyeamka hivyo ndiye ninayemwandikia, kwa sababu siku zake za kutibika zinahesabika.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000, zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara za kwenda ubongoni. Kelele kali huzichosha kupita kiasi, na mishipa midogo inayozilisha husinyaa, hivyo oksijeni hupungua wakati inapohitajika zaidi. Nyingine hufa. Ndege huotesha mpya, binadamu hana uwezo huo. Lakini zipo ambazo kwa siku kadhaa huwa zimejeruhiwa tu, na hizo ndizo tiba inazozikimbilia.

Mgonjwa huingizwa kwenye chumba maalumu kilichofungwa, aina ileile inayotumika kuwatibu wapiga mbizi. Shinikizo la hewa hupandishwa hadi mara 2 au 2.5 ya kawaida, naye huvuta oksijeni tupu kwa dakika 60 hadi 90. Katika hali hiyo oksijeni huyeyuka kwa wingi kwenye majimaji ya damu, ikafika hata pale ambapo damu inapita kwa shida. Kabla ya kuingia huvaa nguo za pamba, huacha simu na kiberiti nje, hata mafuta ya nywele huyaosha, maana penye oksijeni nyingi cheche moja yatosha kuwasha moto mkubwa. Shinikizo likipanda masikio huziba, na inabidi ameze mate mpaka yazibuke. Asiyeweza kuyazibua huweza kuumia kiwambo cha sikio, ndiyo maana hukaguliwa kwanza.

Je, inasaidia? Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unaruhusu tiba hii, pamoja na dawa za steroidi, kwa anayepoteza usikivu ghafla bila sababu kujulikana, ianze ndani ya wiki 2. Kwa kelele ushahidi ni mwembamba zaidi. Huko Finland, madaktari walichapisha mwaka 2008 matokeo ya watu walioumia masikio kwa mshindo mkali: waliotibiwa chumbani walionekana kupata nafuu kuliko waliovuta oksijeni katika shinikizo la kawaida. Ni dalili njema, si uthibitisho. Kwa maoni yangu tiba hii iongezwe juu ya steroidi, isichukue nafasi yake.

Aliyepoteza usikivu polepole, miaka mingi kando ya mashine za kiwanda, hadithi yake ni nyingine. Seli zake zimekwisha kufa na oksijeni haizifufui. Anayemuuzia huyo tiba ya chumbani anamlia pesa zake bure. Mgonjwa huyo anahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia, na vizibo vya kulinda usikivu uliobaki.

Kwa hiyo, ukiamka baada ya mshindo mkubwa na masikio bado yanavuma, au moja limeziba, usitie mafuta wala kitunguu saumu. Nenda siku hiyohiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, uombe upimwe usikivu.