Ndio Kwanza Mkoko Unaalika Maua

Wazee wetu wa mwambao walipotaka kumkumbusha mtu aliyedhani kazi imekwisha, ilhali ndipo inapoanza, walimwambia: ndio kwanza mkoko unaalika maua. Msemo huu hutujia moyoni kila tunapoalikwa kwenye siku za kupanda miti, kusafisha fuo na kuwaachilia kasa baharini. Siku hizo zimekuwa nyingi katika pwani yetu, na alhamdulillahi ni kheri. Tarehe 26 Julai huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Mikoko; mwezi wa Septemba huwa na usafishaji wa fuo; na hapa kwetu Kenya tarehe 10 Oktoba sasa ni Siku ya Mazingira. Familia hutoka pamoja, walimu wa madrasa huwapanga wanafunzi wao, na kina mama hupika. Swali tunalotaka kulizingatia nanyi, wasomaji wetu, ni moja tu: siku inapokwisha na watu wakarudi majumbani, kinabaki nini?

Miaka michache iliyopita tulihudhuria siku ya namna hii katika kijiji ambacho hatutakitaja. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti, na fulana za rangi moja kwa kila aliyefika mapema. Watoto walishuka topeni kwa shangwe, kila mmoja na miche yake ya mkoko mkononi. Tuliipanda kwa safu zilizonyooka katika tope tupu lielekealo bahari, tukapiga picha, tukala pilau, tukajiandaa kuondoka.

Bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi juu ya jamvi kivulini, alituita. Tukamwamkia na kumbusu mkono. Akasema, “Wanangu, kazi yenu njema, Mungu awalipe. Lakini hapo mulipopanda, tangu nipate akili zangu sijaona mkoko umesimama. Na kesho, nani atakuja kutizama?” Hatukuwa na jibu. Tuliaga kwa adabu, tukaondoka.

Tulirudi kaskazi ilipokwisha, tukiwa na watoto wetu wale wale. Hatukuona hata mche mmoja. Palikuwa na tope tupu kama lilivyokuwa awali, na kipande cha bango kilichonasa kwenye jiwe. Mtoto mmoja alituuliza, “Mti wangu uko wapi?” Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mwislamu apandapo mti, basi kila kitakacholiwa kwake, awe aliyekula ni mtu, ndege au mnyama, huandikwa kuwa sadaka yake. Mafundisho haya twayarudia mara kwa mara, lakini huenda hatujayatafakari vya kutosha. Nia njema ina malipo yake kwa Mola, hilo halina shaka. Lakini tazama ni nani waliotajwa: mtu, ndege na mnyama. Sadaka hiyo inaendelea maadamu mti unaishi na viumbe wanafaidika nao. Mti uliopandwa mahali usipoweza kuishi haumlishi ndege wala haumsitiri kaa. Basi ikiwa tunataka sadaka yenye kuendelea, hatuna budi kujali uhai wa mti baada ya sherehe kama tunavyojali sherehe yenyewe.

Na mikoko ina mengi ya kujaliwa. Kenya ina takriban hekta 61,000 za misitu ya mikoko, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Aina zake ni tisa, na babu zetu walizipa majina kwa sababu walizijua moja moja: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi, msikundazi na nyinginezo. Kila aina ina makao yake. Mlilana hustahamili kusimama mbele kabisa, ukikabili mawimbi. Mkoko hupenda kingo za vijito na sehemu za katikati, na mizizi yake imetoka juu kama miguu ya buibui. Mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu huvumilia chumvi nyingi hata kule karibu na nchi kavu. Pale tulipopanda sisi, maji hukaa muda mrefu mno kila siku. Mche mchanga hukosa pumzi, na mawimbi huung’oa kabla haujashika mizizi. Bibi yule alilijua jambo hilo bila ya kusoma kitabu. Kosa letu lilikuwa kumuuliza baada ya kupanda, wala si kabla.

Chini ya mizizi hiyo mna ulimwengu mzima. Kamba na samaki wengi hukulia humo wakiwa wadogo, kisha huelekea kwenye miamba na kina kirefu. Kaa huchimba mashimo topeni na kuliingiza hewa. Chaza hushika mizizi. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, ndege wa pwani huja kwa wingi kutoka Ulaya na Asia kutafuta chakula maji yanapokupwa. Mama karanga akaangaye samaki jioni barazani, hata kama hajawahi kuingia msituni, anaishi kwa msitu huo. Ukikatwa, samaki hupungua, bei hupanda, na meza ya familia ndiyo ya kwanza kuona tofauti.

Si kwamba babu zetu hawakukata. Boriti za Lamu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na nyumba zetu kongwe zimesimama juu yake hadi leo. Kilicholeta madhara ni kukata pasipo kuupa msitu nafasi ya kujirudisha. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Hata hivyo, ukataji wa kuni na wa boriti za ndani ya nchi uliendelea, na katika baadhi ya mahali msitu ulikwisha kabisa.

Gazi, katika kaunti ya Kwale, ni mfano wa mahali palipoumia kisha pakapona. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu wa ghuba hiyo zilifyekwa ili kupata kuni za viwanda. Zilibaki nyanda za tope zisizo na kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Hawakupanda kwa siku moja. Walijaribu aina mbalimbali mahali mbalimbali, wakapima, wakarekebisha, wakarudi tena. Leo yapo mashamba ya mikoko pale ambapo palikuwa patupu, na kaa na samaki wamerudi kukaa humo.

Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za msitu, na kwa kulinda huko hupata fedha. Mikoko hunyonya hewa ukaa, ile inayochangia kulitia dunia joto, na huihifadhi si katika shina na majani tu bali katika tope lililo chini yake kwa miaka mingi sana. Watu na makampuni ya mbali wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa hulipia takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hizo huingia katika hazina ya jamii, na wanakijiji wenyewe hukutana kuamua zitumikeje. Zimetumika kwa maji safi, kwa madarasa na vitabu vya shule, na kwa kupanda mikoko zaidi. Mwaka 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walianzisha mradi kama huo katika msitu mkubwa zaidi.

Tunalolipenda zaidi Gazi ni kazi ya wanawake. Walijenga njia ya mbao ipitayo ndani ya msitu, mgeni akatembea juu ya tope bila ya kukanyaga mizizi, akaoneshwa aina za mikoko na kuelezwa matumizi yake. Wageni hulipa kiingilio, na wakitaka hupikiwa chakula cha Kiswahili. Kwa hivyo siku ya wageni kijijini hapo haiishii kwenye hotuba. Inatia kitu mkononi mwa mama. Naye aliyepata ada ya mtoto kutokana na mti uliosimama hahitaji askari wa kumwambia asiukate.

Funzo hilo hilo tumeliona kwingine. Msitu wa Arabuko-Sokoke ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye makao yake duniani ni misitu ya pwani ya Kenya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi walioishi kandokando yake walitamani ukatwe wapate mashamba, na si ajabu, kwa kuwa tembo na nyani walikuwa wakiwaharibia mazao. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede. Familia hufuga viwavi hadi wajifungie ndani ya vifuko vyao, na vifuko hivyo huuzwa kwa majumba ya maonyesho ya vipepeo ng’ambo. Vipepeo hao ni wa msitu huo. Bila ya msitu, hakuna biashara. Wengi waliotamani ukatwe wakaanza kuutetea.

Huko Watamu, mvuvi ambaye kasa amenasa katika nyavu zake hutoa habari, kasa huchunguzwa, huwekwa alama na kurudishwa baharini, na mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake. Mayai yaliyotagwa mchangani hulindwa kwa takriban miezi miwili mpaka vitoto vitoke. Tunaposimama ufuoni na watoto wetu tukivitazama vitoto hivyo vikikimbilia maji, tunachokiona ni dakika chache za mwisho. Nyuma yake kuna mtu aliyetembea ufuoni usiku baada ya usiku, na mvuvi aliyechagua kupiga simu badala ya kunoa kisu.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, husemekana kilipata jina lake kwa kuwa ni kama msala ulioelekezwa kibla. Mwishoni mwa miaka ya 1990, uvuvi wa baruti ulipotishia miamba yake, wavuvi na masheikh walikaa pamoja kuyazungumza mafundisho ya amana na ya kutofanya uharibifu katika ardhi. Maneno hayo yalisemwa na watu wa pale pale, misikitini na madrasani, na waliyasema tena na tena. Mgeni wa siku moja hangeweza kuyafikisha kwa uzito ule.

Kwa hivyo tunapopata mwaliko mwingine, tumejifunza kuuliza kabla ya kwenda. Nani amechagua mahali na aina ya mti, na je, wazee wa kijiji na wanawake waokotao chaza wameulizwa? Nani atarudi baada ya mwezi, na baada ya msimu? Mwenyeji atapata nini miti ikisimama? Haya si maswali ya kukatisha tamaa. Mwandalizi mwenye kazi ya kweli huyafurahia, na aliyesahau hupata nafasi ya kurekebisha.

Yapo pia ya nyumbani yasiyohitaji turubai. Tusinunue nyama wala mafuta ya kasa, hata tukiambiwa ni dawa. Kasa analindwa na sheria. Tumuulize muuza boriti zake zimetoka wapi na kama ana kibali. Tusiwanunue samaki wachanga kwa sababu ya urahisi wa bei. Na tuwafundishe watoto majina ya miti hii kama tulivyofundishwa na bibi zetu, kwani ni vigumu kulilinda lisilojulikana jina.

Mtoto wetu yule bado anakumbuka mti wake. Tarehe 26 Julai ijayo tutatoka naye tena, inshaallah, lakini safari hii tutapanda pale watakapotuonesha wazee wa kijiji. Tena tumekwisha kuandika tarehe ya pili, miezi mitatu baadaye, ya kwenda kuitazama miche na kuziba mapengo. Siku hiyo hapatakuwa na fulana wala kipaza sauti. Tunawakaribisha, njooni na watoto, na mje na viatu vya kuingilia topeni.