Chakula cha msaada: Mteja mkubwa asiyetabirika

Mwaka 2002 Zambia ilikataa mahindi ya msaada kutoka Marekani yaliyobadilishwa vinasaba, huku watu wake wakiwa na njaa. Miaka 22 baadaye njaa ilirudi. Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 29, 2024, na safari hii nchi hiyo ilikuja kununua Tanzania. Mkataba uliotiwa saini mwaka huo kati ya Zambia na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikuwa wa tani 650,000, thamani yake ikitajwa kuwa dola milioni 250. Ukigawanya, ni kama dola 385 kwa tani.

Kwa wafanyabiashara wa mkoa wa Songwe, ambao mji wao wa Tunduma ndio mlango wa kuingilia Zambia, tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo kiini cha hesabu. Chakula cha msaada kinachoshushwa bure kutoka melini humwachia mkulima wa jirani gunia lisilo na mnunuzi. Kile kinachonunuliwa karibu kwa fedha taslimu hupandisha bei ya debe hadi vijijini. Julai 2024 bei ya NFRA ilifikishwa sh. 700 kwa kilo katika baadhi ya vituo.

Mnunuzi huyo wa pili si mgeni kabisa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi 20 za majaribio ya mpango wake wa kununua kwa wakulima wadogo ulioanza 2008. Januari 2019 lilisaini kununua NFRA tani 36,000 kwa kiasi cha sh. bilioni 21, yaani karibu sh. 583 kwa kilo, mahindi yakifika ghalani yakiwa safi na yamepimwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoibana Galula.

Kata hii iko chini katika bonde linaloelekea Ziwa Rukwa, na wengi huijua kwa misheni yake kongwe. Ni joto, na magari hufika kwa barabara ya Mbalizi kwenda Mkwajuni. Mwenye mahindi au mpunga hapa ana wateja wa karibu, wakiwamo wachimbaji wa dhahabu wa wilaya hiyo, ambao hawaulizi unyevu wa punje. Wanunua kwa debe na kulipa papo hapo. Mnunuzi wa misaada huuliza. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyorundikwa ardhini yakingoja lori hayapiti hapo, hata kama kwa macho yanapendeza.

Yapo mengine. Mpango wa WFP ulionyesha kwamba vikundi vya wakulima mara nyingi vilishindwa kupeleka shehena waliyoahidi kwa sababu wanachama waliuza pembeni. Si utovu wa nidhamu tu. Ada ya shule haingoji hundi ya shirika, na mlanguzi mwenye noti mkononi hulipa leo, hata akipima kwa lumbesa. Kikundi kisicho na mtaji wa kumlipa mwanachama walau nusu ya mzigo siku anapouleta hakina cha kumzuia.

Halafu kuna hatari ya mteja mwenyewe kutoweka. Msimu wa 2024/25 Zambia ilipata mvua na kuvuna zaidi ya tani milioni 3.6, rekodi kwake. Aliyejaza stoo Tunduma akitegemea bei za mwaka uliopita alibaki na mzigo. Mwaka huo huo, 2025, shirika la misaada la Marekani USAID lilivunjwa, nalo lilikuwa njia kubwa ya fedha za chakula cha dharura duniani. Na Serikali nayo huwa na neno lake: marufuku ya kuuza mahindi nje ya mwaka 2011 na ile ya 2017 ziliacha mikoa ya kusini na mahindi tele na bei ya kutupa.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo anayefikiria ghala Galula asipige hesabu kwa bei ya Zambia ya 2024. Apige kwa bei ya machimboni na Mbeya, na zabuni ya msaada ikija iwe nyongeza. Ghala likiwa na kipima unyevu, turubai za kuanikia na mizani halali, mzigo wake unafaa kwa wateja wote watatu. NFRA imepanua maghala yake kwa mkopo wa Poland, Mbozi ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyojengwa, lakini maghala hayo hupokea mzigo uliokwisha kavu. Ukaushaji unabaki bondeni, na turubai hununuliwa kabla ya mavuno, si lori likishafika.