Ziara ya watoto wadogo makumbusho na maktaba: kwa nini fuvu moja linatosha

Fomu ya ziara imefika nyumbani ndani ya begi la mtoto: Makumbusho ya Taifa, Maktaba Kuu, uwanja wa ndege, pantoni la Kigamboni, kurudi saa kumi jioni. Mzazi analipa. Jioni anamuuliza mwanawe ameona nini. Jibu: "Tumekunywa juisi."

Sio kosa la mtoto. Mwenye miaka mitano au sita hawezi kushika mambo manne kwa siku moja, tena na foleni hizi za Dar. Viwili vya kwanza vinatosha kabisa, na vyote vipo katikati ya jiji: makumbusho Mtaa wa Shaaban Robert, maktaba Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Waanze makumbusho, ila wasizungushwe kila chumba. Waende moja kwa moja kwa Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amebaki kambini anaumwa. Miaka milioni 1.75 haimwambii kitu mtoto ambaye kwake wiki iliyopita ni zamani. Meno yanamwambia. Magego ya Zinj ni makubwa mno kuliko yetu, na yale ya mwisho ndiyo kwanza yalikuwa yanaota alipokufa, ndiyo maana wataalamu wanasema alikuwa bado kijana. Sasa mbele yake wamesimama watoto wa darasa la kwanza, nusu yao wana mapengo! Wapewe dakika kumi wapapase magego yao kwa ulimi na kulinganisha.

Maktaba ifuate baada ya hapo, sio kabla. Ile Maktaba Kuu, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Mara nyingi ziara huishia hivi: kaeni, nyamazeni, picha ya kurusha kwenye grupu la wazazi, tuondoke. Lakini mtoto aliyetoka kuangalia meno anaingia na swali lake: nani ana meno makubwa zaidi, kiboko au mamba? Mwalimu akipiga simu siku chache kabla, mkutubi anaweza kumwandalia vitabu vya picha mezani. Na kabla hawajatoka, mwalimu aulizie uanachama wa watoto, maana mwenye kadi anaweza kurudi Jumamosi na mzazi wake bila kusubiri ziara nyingine.

Walio Arusha wana Makumbusho ya Elimu Viumbe, na miji mingi ya mikoa ina maktaba yake.

Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, muulize mwalimu watoto wataingia maktaba saa ngapi. Akisema saa tisa, baada ya pantoni, ujue watalala juu ya vitabu.