Dude Halifi kwa Kufunguliwa Mlango

"Daktari, kwa nini wasifungue tu mlango, hilo dude likatupwa nje likafa?"

Swali hili hunifikia kila filamu za aina ile zinaporudishwa kwenye televisheni: chombo cha angani, wafanyakazi wachache, kiumbe kinachojificha kwenye mabomba, na watu wanaopukutika mmoja baada ya mwingine. Huniuliza wanafunzi wa sekondari, huniuliza watu wazima wenye shahada zao, na safari hii kaniuliza kijana anayetunga riwaya, ambaye sura ya mwisho ameshaimaliza. Mlango unafunguliwa, dude linafyonzwa nje, linapasuka vipande vipande, kwisha habari. Alichotaka ni nimthibitishie kwamba sayansi yake iko sawa. Haiko sawa, na kwa kuwa nimechoka kumjibu mmoja mmoja, leo nawajibu wote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1958 Marekani ilitoa filamu iitwayo It! The Terror from Beyond Space. Humo kiumbe kutoka Mars kinazamia chomboni, risasi hazikidhuru, mabomu hayakidhuru, mpaka mmoja wao anang'amua kwamba kinatumia oksijeni nyingi kupita kiasi. Wanaitoa hewa yote, kiumbe kinakufa kwa kukosa pumzi. Kwa filamu ya bei nafuu, hiyo ni hoja ya kibiolojia inayosimama: kinachopumua hufa kikinyimwa hewa. Kisha ikaja Alien ya Ridley Scott, 1979, na hapo ndipo watazamaji walipojitungia mambo yao. Kila anayeniuliza anaapa kwamba Ripley, shujaa wa filamu hiyo, alifungua mlango na ombwe likaliua lile dude. Irudieni filamu. Dude linatupwa nje, linaning'inia kwenye kamba, linaanza kutambaa kuingia kwenye injini, na linaondolewa pale injini zinapowashwa. Ombwe halikulifanya kitu. Watengenezaji wa filamu walikuwa waangalifu kuliko mashabiki wao. Sijui ni mkalimani wa kibanda umiza gani aliyeongeza chumvi.

Tuanze na huko kupasuka. Kuanzia kimo cha kilomita 19 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la kawaida la mwili. Ni kweli kwamba mate, machozi na unyevu wa mapafuni hugeuka mvuke, na nyama huvimba. Lakini ngozi na kuta za mishipa zina nguvu ya kutosha kuubana mwili usitawanyike, na damu iliyobanwa ndani ya mishipa haichemki papo hapo. Hili halitegemei kukisia. Agosti 1960, Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani alipanda kwa puto hadi kilomita 31 hivi huku glavu yake ya kulia ikiwa imevuja. Mkono ukavimba, ukamuuma, akaruka kwa mwavuli, akatua, na baadaye mkono ukarudia hali yake. Desemba 1966, huko Houston, Marekani, fundi Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la wanaanga ndani ya chumba cha ombwe, bomba la hewa likachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yake yakichemka juu ya ulimi. Hewa ikarudishwa haraka, akapona. Sokwe waliofanyiwa majaribio nchini humo miaka hiyohiyo waliwekwa katika hali ya karibu na ombwe hadi dakika 3 na nusu, na walipona. Na wale wanaanga watatu wa Kisovieti wa Soyuz 11, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, waliokufa Juni 1971 baada ya hewa ya chombo chao kuvuja wakirejea duniani, walikutwa wamekaa vitini, miili yao ikiwa mizima.

Kinachoua, basi, ni ubongo kukosa oksijeni. Sasa nikuulize wewe: dude lako lenye damu ya tindikali kama lile la Alien, nani kakwambia lina ubongo unaotegemea oksijeni?

Wapo wanaoachana na kupasuka na kukimbilia kuganda. Huko nje ni baridi kali, wanasema, litakuwa barafu kabla hatujapepesa macho. Chupa ya chai iliyoko jikoni kwako ina ombwe kati ya kuta zake mbili, na limewekwa humo makusudi ili chai isipoe. Pasipo hewa wala maji ya kulichukua joto, mwili hupoa polepole, kwa mnururisho tu. Unyevu wa juu ya ngozi na wa mdomoni huweza kuganda unapogeuka mvuke, lakini mwili mzima kuganda ni suala la saa nyingi.

Na kufyonzwa? Agosti 2018 chombo cha Soyuz kilichokuwa kimeunganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga kiligundulika kuwa na tundu la milimita 2 hivi. Hakuna aliyevutwa kupitia humo akatoka kama uzi. Hewa ilikuwa ikivuja taratibu, Mjerumani Alexander Gerst akaliziba kwa kidole kwa muda, kisha wanaanga wakalifunika kwa utepe na gundi. Mlango mkubwa ni habari nyingine, nakubali, ila hewa ya chumba kidogo huisha mara moja, na ikishaisha hakuna tena kinachosukuma. Mwenye kucha za kung'ang'ania atakuwa bado yupo. Isitoshe, mlango wa chombo haufunguliwi kama dirisha la daladala. Julai 1990, kwenye kituo cha Mir, wanaanga wawili wa Kisovieti waliufungua wakati hewa haijaisha yote chumbani. Mlango ukaruka, bawaba zikaharibika, na waliporudi wakashindwa kuufunga, ikawabidi wapitie chumba cha pili. Huo ndio ushujaa mnaomshauri Ripley.

Lakini haya yote ni mambo ya fizikia, na mimi ni mtu wa vimelea. Kinachonikera hasa ni imani iliyojificha nyuma ya swali, kwamba anga tupu ni dawa ya kusafishia kila kitu. Maabara tukitaka kuhifadhi bakteria kwa miaka mingi, tunafanya nini? Tunawagandisha, kisha tunawakausha kwa ombwe. Tukiwarudishia maji na chakula, wanaamka. Silaha yako, bwana mwandishi, kwetu ni ghala! Mwaka 2007 vidudu viitwavyo tadigredi, ambavyo ukubwa wao hauzidi milimita moja hivi, vilirushwa vikiwa vikavu kwa chombo cha FOTON-M3 na kuachwa wazi kwa ombwe kwa siku 10. Vingi viliamka vilipotiwa maji. Wajapani nao waliwaweka bakteria wa Deinococcus nje ya maabara yao ya Kibo, kwenye kituo cha kimataifa, kwa miaka mitatu. Walio juu ya rundo walikufa, na maiti zao zikawakinga walio chini, ambao walirudi hai. Kilichowaua wa juu hasa ni miale ya jua. Kwa hiyo ukitaka kuua kitu nje ya chombo, litafute jua, uache kulitegemea ombwe.

Tena kiumbe hatari cha kweli hakisubiri mlangoni. Kinaingia na abiria. Mwaka 1970 Fred Haise wa Apollo 13 aliugua maambukizi ya njia ya mkojo, bakteria akiwa Pseudomonas aeruginosa, katikati ya safari ambayo tayari ilikuwa na balaa za kutosha. Wataalamu wa Marekani walipopima mate ya wanaanga waliokaa kwenye kituo cha kimataifa, zaidi ya nusu walikuwa wakitoa virusi vya jamii ya herpes, vilevile ambavyo vilikuwa vimelala miilini mwao tangu zamani, vikaamshwa na msongo wa safari. Mlango upi utafunguliwa hapo? Wa nani?

Sasa sikieni hili, maana wengi hawalijui. Chooni mwa kituo hicho, na kwenye kifaa cha mazoezi, walikutwa bakteria wanaoitwa Enterobacter bugandensis. Jina hilo ni la hapa kwetu. Limetokana na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako bakteria huyu alitambuliwa kwa mara ya kwanza katika damu ya watoto wachanga. Utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba wale wa angani ni sugu kwa dawa kadhaa, na mwingine wa 2024 uliwachunguza 13 waliokusanywa humo. Tafadhali msianze kunitumia ujumbe wa sauti kwamba vijidudu vya Mwanza vimegeuka mazimwi angani. Jamaa hao wapo sehemu nyingi duniani. Mwanza iliwapa jina tu.

Bakteria na virusi hukabiliwaje huko angani? Upesi upesi, maana nafasi inaisha. Wasafiri hutengwa kabla ya kuruka, utaratibu uliokazwa kuanzia Apollo 14 mwaka 1971, baada ya wenzao wa Apollo 7 kuruka na kukumbwa na mafua. Hewa hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa vumbi na vimelea. Maji hutiwa iodini upande wa Wamarekani, madini ya fedha upande wa Warusi. Kuta hufutwa mara kwa mara kwa vitambaa vyenye dawa, na unyevu hudhibitiwa, maana kwenye Mir maji yalikusanyika nyuma ya paneli na kuwa madonge yanayoelea, yamejaa vijidudu. Sampuli huchukuliwa na kusomwa hukohuko: mwaka 2016 Kate Rubins, ambaye kabla ya kuwa mwanaanga alitafiti virusi nchini Kongo, alikuwa wa kwanza kusoma DNA angani. Anayeugua hupewa dawa. Hakuna linalopendeza kwenye skrini, najua.

Kwa hiyo kijana wangu, sura ya mwisho iandike upya. Likitupwa nje, lifanye likauke, lijikunyate, likae hivyo miaka mingi mpaka chombo kingine kipite. Hapo nitakuwa msomaji wako wa kwanza.

Na wewe usiye na habari na riwaya ila una mtoto mchanga nyumbani au jamaa yako kalazwa wodi ya wazazi: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na usimnunulie antibiotiki dukani kwa kukisia. Katika ripoti zilizotolewa, bakteria huyu mwenye jina la Bugando hajamuuguza mwanaanga hata mmoja. Waliougua walikuwa watoto wachanga wa Mwanza.