Kitindamlo Hakitaki Ndimi za Moto

Kutinda ni kukata, ni kukomesha. Ndiyo maana mtoto wa mwisho tunamwita kitinda mimba, na kitamu cha kufungia mlo tukakiita kitindamlo. Mzazi wa watoto sita atakuambia kwamba yule wa mwisho hakuuona ukali waliouona wakubwa zake. Aliwakuta wazazi wamepoa. Kambini, kitindamlo nacho kina haki hiyo hiyo. Wali uchemke kwa moto kijana, maharage yatokote kwa moto kijana, lakini ndizi za nazi zinataka moto uliozeeka.

Nayasema haya kwa sababu ya masufuria niliyoyaona. Katika kambi za vijana ninakoalikwa kufundisha mapishi, kisa hujirudia: mtu anateleka ndizi juu ya miali inayomfikia hadi kiwiko, tui linafoka, linakatika, chini limeshika na juu ndizi bado ngumu. Wenzake wanaonja kwa adabu, kisha wanakubaliana kwamba vitamu ni vya jikoni, si vya porini. Si kweli. Ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui la nazi, ambazo nyumba nyingi za Pwani huziandaa kwenye futari ya Ramadhani, ni chakula chepesi kabisa kupika nje. Mpishi anatakiwa kuelewa vitu vitatu tu: moto, ndizi na tui.

Moto uliozeeka

Kuni haiungui kwa mkupuo mmoja. Kwanza maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kutoka; ndiyo sababu kuni mbichi hufuka moshi na kukulisha machozi. Kisha mti wenyewe huvunjikavunjika kwa joto na kutoa gesi, na gesi hizo zikishika moto ndipo tunapoziona ndimi. Gesi zikiisha, hubaki kaboni: makaa mekundu yanayoungua taratibu, bila kelele.

Ndimi za moto hazina msimamo. Upepo ukigeuka, nazo zinageuka. Zinaunguza ubavu mmoja wa sufuria na kuuacha mwingine baridi, na kila zinapogusa zinaacha masizi. Makaa hutoa joto lake kama jua linavyotoa, kwa mnururisho, nalo hufika chini ya chombo likiwa limetulia. Mpishi anaweza kuyatandaza akitaka joto lipungue, au kuyakusanya akitaka liongezeke. Ndimi huwezi kuzitawala hivyo.

Utajuaje kwamba moto umezeeka vya kutosha? Nyoosha kiganja sentimita 15 hivi juu ya makaa, uhesabu polepole. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya tatu, huo bado ni moto wa kukaanga. Ukifika tano au sita, hapo ndipo. Ukifika kumi na bado umetulia, ongeza makaa. Wanaotumia mkaa wa kununua wasubiri hadi vipande vivae jivu la kijivu juu. Wanaotumia kuni wana bahati zaidi, kwa kuwa hawahitaji kusubiri chochote: wakishapika chakula cha usiku na kula, moto utakuwa umefika wenyewe. Kitindamlo hupikwa na moto uliokwisha kufanya kazi yake.

Kuni nazo huchaguliwa. Ufukweni, tawi kavu la mvinje halina mfano. Hushika vizuri na makaa yake hudumu. Mnyaa usiuguse, maana utomvu wake huchoma macho na ngozi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ziache zilipo, kwa sababu moshi wake ni sumu, na chakula kilicho wazi huupokea.

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Tunaitumia methali hiyo kuhimiza ushirikiano, lakini ndani yake mna jometria pia. Mafiga manne juu ya ardhi isiyo sawa mara nyingi huacha moja likielea, na sufuria inayumba. Matatu hayana tatizo hilo, kwa kuwa nukta tatu siku zote hukaa kwenye bapa moja. Kwa hiyo tafuta mawe matatu, yawe makavu. Usiyatoe mtoni: maji yaliyojificha ndani ya nyufa zake yakigeuka mvuke, jiwe huweza kupasuka na kurusha vipande.

Ndizi ipi?

Ndizi mbichi ni ghala la wanga. Katika ndizi za kula mbivu, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake huwa wanga ikiwa bado kijani, na ikiiva sawasawa hubaki asilimia moja au mbili tu. Kiasi kikubwa kimegeuka sukari. Wakati huo huo pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe za tunda, inalegea. Ndiyo sababu kisukari iliyoiva ni tamu mno mdomoni, lakini ukiitia kwenye tui linalochemka, baada ya muda mfupi unaitafuta huioni.

Kwa sufuria, chagua mzuzu au mkono wa tembo. Hizi hubakiza wanga mwingi zaidi hata zikiiva, na wanga huo hufanya kazi mbili. Unashikilia kipande kisivunjike, na ule unaotoka kidogo kidogo hunywa maji, unavimba na kulifanya tui liwe zito bila kuongezwa unga. Subiri ganda liwe la njano lenye madoa mengi meusi. Likiwa jeusi kabisa na ndizi bado ina uzima ukiibonyeza, usiitupe; hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Ikiwa umebeba ndizi ambazo hazijaiva, zifungie kwenye mfuko wa karatasi siku mbili au tatu kabla ya safari. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoziamuru ziive. Ikizuiwa isitoke, huharakisha kazi.

Tui na kukatika kwake

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, kila tone likiwa limevikwa protini inayolizuia lisiungane na jirani yake. Joto likipita nyuzi 80 hivi, protini hizo huanza kuganda, vazi linachanika, matone yanakutana, na unaona mabonge meupe yakielea kwenye maji yenye mafuta. Tui limekatika. Anayetengeneza mafuta ya nazi nyumbani hulitafuta jambo hilo kwa makusudi, ndiyo maana hulichemsha tui mpaka mafuta yajitenge. Mpishi wa ndizi hulikimbia.

Dawa yake ni kugawa tui. Nazi iliyokunwa hukamuliwa zaidi ya mara moja. Tui la kwanza, lile zito ambalo wengine huliita kasimile, hutoka kwa maji kidogo ya vuguvugu, liweke kando. Rudisha maji kwenye machicha, kamua tena upate tui jepesi. Hili jepesi lina mafuta machache, hivyo ndilo litakalovumilia kuchemka na kuivisha ndizi. Zito huingia mwishoni, kwa muda mfupi, kwenye joto dogo. Asiyeweza kubeba mbuzi wa kukunia nazi kambini atumie tui la kopo. Mengi huongezwa viambato vya kulizuia lisikatike, kwa hiyo husamehe makosa. Lichanganye nusu yake na maji upate jepesi, na nusu nyingine ibaki zito.

Namna ya kupika

Kwa watu wanne, andaa mzuzu nne zilizoiva, nazi moja kubwa au kopo moja la mililita 400, vijiko vitatu vya sukari au kipande cha sukari guru, punje sita za iliki, na chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole viwili.

Menya ndizi, pasua kila moja kwa urefu, toa ule uzi wa katikati, kisha ukate vipande vya urefu wa kidole. Vipange ndani ya sufuria pana badala ya kuvirundika. Vikilala safu moja au mbili, vitaiva pamoja. Mimina tui jepesi mpaka livifunike kwa shida, tia sukari na chumvi. Chumvi usiiruke. Hailetwi ili ionjwe. Inafifisha uchungu na kuufanya utamu usikike zaidi.

Teleka juu ya makaa, bila kifuniko. Kifuniko hurudisha joto, na kabla hujageuka tui limefoka na kuzima nusu ya moto wako. Acha litokote taratibu dakika kumi hadi kumi na tano. Usikoroge kwa mwiko, maana ndizi iliyolainika huvunjika. Shika sufuria kwa kitambaa, uizungushe kidogo mara kwa mara. Kijiti kikipenya kipande bila kugoma, vuta makaa pembeni yabaki machache, kisha mimina tui zito. Kuanzia hapo usiligeuzie mgongo. Zungusha sufuria mpaka uone viputo vidogo pembezoni, dakika tatu au nne, halafu epua.

Iliki ponda sasa, si kabla. Harufu yake inakaa ndani ya mafuta mepesi yanayopeperuka na mvuke; ukiitia mwanzoni, wanaokaa karibu na moto wataifaidi kwa pua, na bakuli litabaki na maganda. Nyunyiza, funika dakika tano nje ya moto, kisha pakua.

Wanaopenda kutia nanasi au ukwaju humo wangoje. Asidi nayo huzigandisha protini za tui, kama ndimu inavyoyagandisha maziwa. Nanasi lichome peke yake, juu ya wavu, uliweke kando ya bakuli.

Bila sufuria

Kama mzigo haukuruhusu chombo, ganda la ndizi lenyewe ni chombo. Chukua kisukari au mtwike iliyoiva, chana ganda mstari mmoja kwa urefu, panua kidogo, tia sukari guru iliyoparuzwa na nazi iliyokunwa, kisha lifunge tena. Jani la mgomba libabue kwanza juu ya moto ili lilainike lisipasuke, ndipo ulizungushie ndizi. Laza kando ya makaa, si katikati yake, dakika nane hadi kumi. Ganda litakuwa jeusi kama mkaa, na ndani utakuta uji mtamu wa kuchotwa kwa kijiko.

Hapa watu huuliza mbona ndizi hiyo haiwi na ule wekundu wa ndizi ya kukaanga. Jibu ni maji. Maadamu tunda lina maji, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100, ilhali rangi na harufu ya kuchomwa huhitaji nyuzi 140 na zaidi. Anayeutaka wekundu huo aivue ndizi, aipasue, aulaze upande uliopasuliwa kwenye kaango lenye samli kidogo, aiache dakika mbili bila kuigusa. Pale juu ya chuma maji huisha haraka, na joto hupanda.

Walioko milimani nao wana neno lao. Kila unapopanda takriban mita 300, maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi moja hivi. Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 95. Mzuzu zako zitaiva, ila ziongezee dakika chache na usijaribu kufidia kwa kuchochea moto: maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi kuliko yanayochemka kwa utulivu. Nao wanaopanda Kilimanjaro wasahau kuni kabisa. Humo hifadhini moto wa kuni hauruhusiwi. Jiko la gesi likipunguzwa mpaka mwisho hufanya kazi ya makaa.

Kabla ya kulala

Makosa mawili hufanywa na watu walioshiba. La kwanza ni kuingiza jiko la makaa ndani ya hema ili kuota moto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na waliolala nayo wanaweza wasiamke. Makaa yabaki nje, hata kama baridi inauma.

La pili ni kufukia moto kwa mchanga, hasa ufukweni. Mchanga hauzimi makaa, huyaficha tu. Chini yake yanaweza kubaki ya moto kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto anayekimbilia majini pekupeku ndiye atakayeyagundua. Mwaga maji, koroga jivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu. Ukihisi ubaridi, nenda ukalale.