JAMAA INACHUNGUZWA NAMNA GANI?

Wachunguzi wa jamii wanapoingia katika nyumba hawahesabu vichwa tu. Wanauliza pia: nani anakula hapa, na nani anatafuta chakula? Hapa kwetu Katanga, Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi alisikiliza wafanyakazi na jamaa zao. Mwaka 2001 alitoa kitabu juu ya jamaa za Union Minière na Gécamines, tangu 1910 mpaka 1997. Zamani mshahara na posho vilimpa baba amri. Kampuni ilipoanguka, mama akauza sokoni, watoto nao wakatafuta. Amri ya baba ikapunguka. Basi mwenzako anayelipiwa masomo na mama ao nkambo, usimcheke: ile nayo ni jamaa.