SHINGO ILIYOSHIKANA KAMA MWANZI

Wanachama wenzangu, hebu inamisheni vichwa mpaka videvu viguse vifua, kisha mtembee hivyo hadi getini. Mtaona viatu tu! Basi wako watu wanaoishi hivyo mchana na usiku. Hata kumeza chakula ni taabu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ankailosingi spondilaitisi. Sio uchawi wala laana. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini vya maradhi, inashambulia viungo vya mgongo. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana, kabla ya kufika miaka 45. Miaka ikipita, mfupa huota kati ya pingili na pingili mpaka zinashikana. Katika picha ya eksirei uti wa mgongo huonekana kama mwanzi. Shingo ikishikana hali imeinama, hakuna dawa wala mazoezi ya kuinyoosha tena.

Hapo ndipo kisu huhitajika. Je, hukata wapi? Papaseni nundu lililo chini ya shingo kwa nyuma. Karibu na hapo pingili ya saba ya shingo hukutana na ya kwanza ya kifua. Daktari huondoa kipande cha mfupa mfano wa kabari, halafu huinua kichwa polepole mpaka pengo lifungike. Amepachagua hapo kwa sababu mfereji wa ugwe wa fahamu ni mpana. Tena ile mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni kwa kawaida huingia katika mifupa ya shingo juu zaidi, kwenye pingili ya sita.

Mwaka 1958 daktari Marshall Urist wa Marekani alieleza jinsi alivyompasua mgonjwa akiwa ameketi, macho wazi, amedungwa sindano ya ganzi tu. Mtasema ni ukatili. Kumbe ni hekima! Mgonjwa aliye macho anaweza kuambiwa asogeze mikono na miguu, na daktari akajua kama ugwe uko salama. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi, mitambo huchunguza neva, na skrubu na vyuma hushikilia mifupa. Hata hivyo hatari haijaisha: mtu anaweza kupooza au kufa.

Jambo moja tusisahau. Mgongo ulioshikana huvunjika upesi, hata kwa kuteleza tu. Mgonjwa kama huyu akianguka, msimnyooshe shingo kwa nguvu! Iegemezeni vile ilivyozoea kuinama, mtafute msaada wa hospitali mara moja.

Na wewe mwenzangu, ukiwa na maumivu ya mgongo kwa zaidi ya miezi mitatu, unaamka umekakamaa, na ukitembea unapata nafuu kuliko ukipumzika, usinyamaze. Muone daktari. Dawa na mazoezi vikianza mapema husaidia sana. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mgongo nao utibiwe ungali unakunjika.